Je, Wajua? Kipimo cha tezi dume huanza na damu

Mwanamume wa Wundanyi akitajiwa kipimo cha tezi dume, mawazo hukimbilia kidole cha daktari, na safari ya hospitali huishia hapo hapo. Inaniuma, maana kwa kawaida hatua ya kwanza ni kutolewa damu kidogo mkononi ili kupima PSA, protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Kidole, kikihitajika, hakichukui hata dakika moja.

Tezi hii iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Ikitanuka, mzee huamka mara nne usiku katika baridi ya milima ya Taita, asimame muda mrefu mkojo ukidondoka tu. Mara nyingi huo si ugonjwa wa saratani. Saratani ikiwa changa huwa kimya, na hapo ndipo inapotibika vizuri. Nchini Kenya hakuna saratani inayowapata wanaume wengi kuliko hii. PSA nayo ikipanda, usikate tamaa: hata maambukizi huipandisha.

Uliyefikisha miaka 40, hasa kama baba au kaka yako aliugua, ulizia kipimo hiki katika Hospitali ya Wesu, au ukishuka Voi, katika Hospitali ya Rufaa ya Moi.