Mhasibu aliyeokota visima, na deni lililomfuata

Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alipotangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, wengi wetu tulilisikia jina Tullow kwa mara ya kwanza. Tulidhani ni jitu la miaka mingi kama Shell. Kumbe Tullow ni mji mdogo tu kule Ireland, na kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1985 na Aidan Heavey, mhasibu ambaye hata hakuwa mtu wa mafuta.

Alianzia Senegal, kwenye visima vidogo vya gesi ambavyo wakubwa hawakuwa na haja navyo. Ujanja wake ulikuwa huo: makombo ya kampuni kubwa ni mlo kamili kwa mdogo. Mwaka wa 2000 alinunua visima vya gesi vya BP katika Bahari ya Kaskazini. 2004 akanunua kampuni ya Energy Africa, na humo ndimo alimopata mlango wa kuingia Uganda. 2007 wakagundua mafuta ya Jubilee, baharini Ghana, na kufikia mwisho wa 2010 yalikuwa tayari yanatoka. Kwa biashara hii, hiyo ni mbio si mchezo.

Lakini hapa ndipo sisi watu wa pesa tunafungua macho. Kisima hula pesa kwanza, malipo yanakuja baadaye, tena kwa bei ambayo hupangi wewe. Tullow ilikopa sana. Katikati ya 2014 pipa moja lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 likashuka chini ya dola 30. Deni halikushuka nalo. Mwisho wa 2016 lilikuwa karibu dola bilioni 4.8. Mama wa duka anayechukua mkopo kwa simu Oktoba akihesabu mauzo ya Disemba anaijua hii hadithi. Ni sufuri tu zinatofautiana.

2017 wenye hisa waliombwa waongeze pesa, na Heavey akaachia kiti cha mkurugenzi mkuu.

Na Turkana? Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa 200,000, yaliyokuwa yamebebwa kwa malori kutoka Lokichar. Bomba la kwenda Lamu halikujengwa. Mwaka wa 2025 Tullow ilikubali kuiuzia Gulf Energy biashara yake ya Kenya, kwa dola milioni 120 kwenda juu, ilipwe kwa awamu.