Uchaguzi wa Gundi ya Mazulia ya Plastiki katika Bafu na Vyoo

Maofisa wa Idara zinazonunua vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, pamoja na wananchi wanaovuka bahari kwenda kununua katika maduka ya Kariakoo na Gerezani, wanajulishwa kwamba gundi inayobandika vyema zulia la plastiki ofisini au sebuleni huenda isifae hata kidogo bafuni. Zulia linapoinuka pembeni na kutoa harufu ya uvundo baada ya miezi michache, lawama humwangukia fundi. Mara nyingi kosa huwa limekwisha kufanyika dukani.

Ifahamike kwamba maji humwagika juu ya zulia, lakini vile vile hupanda kutoka chini, na haya ya chini ndiyo yanayosahauliwa. Plastiki hairuhusu unyevu kupita. Hivyo unyevu uliomo katika saruji hujikusanya chini yake ukiwa umechanganyika na magadi ya saruji, ukaila gundi. Kanuni ya mafundi ni kwamba saruji ya sakafu hukauka kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, hali ya hewa ikiwa nzuri. Sakafu yenye unene wa milimita 50 huhitaji basi karibu miezi miwili, na katika hewa nzito ya pwani, hasa wakati wa masika, huhitaji zaidi.

Kipimo chake hakina gharama. Kipande cha nailoni nzito, chenye upana wa nusu mita kila upande, kibandikwe sakafuni kwa utepe pande zote nne na kuachwa usiku kucha. Yakionekana matone chini yake asubuhi, au saruji ikiwa imebadilika rangi na kuwa nyeusi, kazi isianze. Nailoni ikiwa kavu hiyo ni dalili njema tu, wala si hakikisho.

Kuhusu gundi zenyewe, gundi nyeupe ya mbao isitumike kabisa, kwani hulainika tena ikipata maji. Gundi ya akriliki, ambayo huchanganywa kwa maji kiwandani, ni rahisi kutumia na haina mvuke mkali. Yafaa kwa choo kisichomwagiwa maji mengi, iwapo tu maelezo ya kopo yanataja vyumba vyenye maji. Gundi ya mpira, ile inayotumiwa pia na washona viatu, hushika papo hapo na kwa sababu hiyo hupendwa. Hata hivyo mafuta yanayoilainisha plastiki huhamia polepole ndani ya gundi hiyo na kuifanya iwe laini na yenye kunata, zulia likaanza kuteleza. Kwa bafu la kuogea kila siku, chaguo lililo bora ni gundi ya sehemu mbili, ya epoksi au poliurethani, ambayo hukauka kwa sehemu hizo kuungana zenyewe, na ikishakauka maji hayailainishi. Bei yake ni kubwa, na ikishachanganywa haingoji. Joto hufupisha muda wake. Fundi na achanganye kiasi cha kutosha sehemu anayoibandika tu.

Gundi inayopimwa kutoka pipani na kutiwa katika chupa isiyo na maandishi isinunuliwe, hata ikiwa rahisi, maana mnunuzi hawezi kujua aina yake wala tarehe ya kwisha muda wake.

Aidha, gundi zenye vimiminika vinavyowaka huhesabiwa katika usafiri wa baharini kuwa shehena ya hatari ya daraja la 3, chini ya namba UN 1133. Zisifichwe ndani ya mizigo ya abiria katika boti za kutoka bandari ya Dar es Salaam. Wahusika wa chombo waarifiwe kabla ya kupakia. Bafuni nako dirisha liwe wazi, na jiko au sigara visikaribie.

Katika majengo ya zamani, vigae vya plastiki vilivyobandikwa kabla ya miaka ya 1990 pamoja na gundi nyeusi iliyo chini yake huweza kuwa na asbesto. Visisagwe wala kupigwa msasa kabla ya kupimwa.

Kazi ikimalizika, bafu lisitumike mpaka upite muda ulioandikwa na mtengenezaji juu ya kopo, na kopo hilo lihifadhiwe pamoja na stakabadhi.