MTOTO AANZE KUJIFUNZA NYUMBANI

Mama, unamleta mtoto wako kupimwa kilo, na unafanya vema. Lakini akili yake nayo huwa na njaa. Usingoje afike miaka 6 na kuingia masomo ya msingi. Mtoto anayeambiwa “Nyamaza!” kila siku nyumbani ataingia darasani akiogopa kujibu.

Kazi hii haitaki franga. Fanya hivi:

1. Udongo. Chota wewe mwenyewe udongo wa mfinyanzi kando ya Lualaba. Mtoto asiende mtoni peke yake. Afinyange mtumbwi, chungu, kuku. Hivyo vidole vyake vinapata nguvu za kushika kalamu.

2. Makala. Achore juu ya kipande cha ubao. Usimcheke. Mwambie, “Nieleze ulichochora.” Akieleza, anajifunza kusema.

3. Hesabu. Unapomenya mihogo, hesabu pamoja naye: moja, mbili, tatu. Kesho umwache ahesabu mwenyewe.

Angalia sana! Mtoto asiyetimiza miaka 3 asichezee punje za mahindi wala karanga. Zinaweza kuingia puani, au kumpalia na kumwua. Udongo usiliwe, maana unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Mchezo ukiisha, anawe mikono kwa sabuni.

Nawe baba, usiseme, “Hii ni kazi ya wanawake.” Keti naye kidogo jioni, umwulize alichofanya, umsikilize mpaka amalize. Anza leo.