Ziwa Natron: Watazame Heroe kwa Mbali, Linda Kizazi Chao

Ziwa Natron, lililopo mkoani Arusha katika Bonde la Ufa, ndilo eneo pekee Afrika Mashariki ambako heroe wadogo huzaliana kwa uhakika. Tangu mwaka 2001 limo katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kinga ya ndege hao ni ukali wa mazingira yenyewe. Mito na chemchemi huingiza maji ziwani, lakini hakuna mto unaoyatoa. Jua huyakausha na kuacha magadi na chumvi. Tope la magadi huwazuia fisi na mbweha kuyafikia matuta ya udongo ambako kila jozi hutaga yai moja tu.

Hata hivyo, kinga hiyo haimzuii binadamu. Heroe wanaoatamia wakishtushwa na watu au ndege zinazoruka chini, huweza kuyatelekeza mayai yao, na juhudi za msimu mzima zikapotea.

Kwa hiyo, mgeni anashauriwa kuongozana na mwongozaji wa eneo hilo, kubeba darubini na maji ya kutosha, na kufika alfajiri kabla ya joto kupanda. Asisogelee viota wala kukanyaga ganda la magadi, kwani huweza kupasuka na kumzamisha topeni. Ukingoni, penye chemchemi za maji baridi, ataweza pia kuwaona pundamilia na nyumbu wakinywa maji bila kuwasumbua heroe.