Kufufua bustani ya mboga iliyomezwa na magugu: kazi huanzia kwenye mizizi

Mvua za msimu mkoani Tabora huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kukatika mwezi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika Kata ya Usinge, Wilaya ya Kaliua, kama ilivyo katika maeneo mengi yanayolima tumbaku, miezi hiyo ndiyo ambayo nguvu kazi yote ya kaya huelekezwa shambani: kupandikiza miche, kupalilia, kuchuma majani na kuyakausha kwenye mabani. Bustani ya mboga iliyo nyuma ya nyumba au pembezoni mwa mbuga hukosa mwenyewe kwa muda huo. Kaya inaporejea kwake mwezi Mei, matuta yaliyokuwa ya mchicha na nyanya hayaonekani tena, na mahali pake pamesimama nyasi zinazomfikia mtu kiunoni.

Kurudisha bustani hiyo katika hali ya kupandwa ni suala la lishe na la kipato. Kiangazi cha Tabora ni kirefu, na mboga mbichi katika kipindi hicho hutoka kwenye bustani zinazomwagiliwa kwa mkono. Kaya isiyokuwa nayo hutegemea mboga zilizokaushwa, kama nsansa ya majani ya kunde, au hununua kwa fedha ambayo ingetumika kwa mambo mengine. Zamani, ambapo ardhi ilikuwa tele, shamba lililoshindwa na magugu liliachwa lipumzike na jingine kufunguliwa msituni. Njia hiyo haipo tena kwa wakulima wengi, kwa kuwa watu na mifugo wameongezeka, na sehemu kubwa ya misitu na maeneo oevu ya ukanda huu ni hifadhi.

Namna iliyozoeleka ya kufufua bustani ni kufyeka, kuchoma moto na kulima. Kwa siku chache eneo huonekana safi, lakini baada ya mwagiliaji wa kwanza magugu huchipua, mara nyingine yakiwa mengi kuliko ya awali. Sababu ni kwamba moto wa nyasi huunguza kilicho juu na joto lake haliingii ndani ya udongo kwa zaidi ya sentimita chache, ilhali magugu sugu huhifadhi uhai wake chini. Moto huo pia hula mabaki ya mimea ambayo udongo wa kichanga wa Tabora unayahitaji sana, na ukiponyoka huingia kwenye miombo ambako wafugaji nyuki wametundika mizinga yao.

Kabla ya jembe kuinuliwa, ni vyema mkulima achimbue mashina machache katika sehemu mbalimbali za bustani na kuangalia kilicho chini yake. Akikuta vijitunguu vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi kama shanga, hiyo ni ndago. Akikuta mizizi mirefu myeupe yenye pingili inayotambaa chini ya udongo, huenda ni sangari. Magugu haya mawili yana tabia moja inayowaponza wakulima: kila kipande kinachokatwa na jembe kinaweza kuwa mmea mpya. Kulima bustani yenye ndago wakati udongo una unyevu, kisha kuisawazisha na kumwagilia, ni sawa na kuipandikiza upya.

Silaha ya bei nafuu dhidi ya magugu hayo ni jua la kiangazi, na hapa kalenda ya Tabora humsaidia mkulima. Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni udongo bado una unyevu wa kutosha kuchimbika bila kuvunja mgongo, lakini mvua hazitarajiwi kwa miezi kadhaa. Udongo huchimbuliwa kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, ukigeuzwa kwa mabonge makubwa badala ya kusagwa, na ikiwezekana kwa jembe la meno, ambalo hung'oa mizizi mizima pasipo kuikata. Mizizi inayoonekana huokotwa. Iliyobaki huachwa ikauke juani kwa wiki mbili au zaidi, kisha udongo hugeuzwa tena ili iliyokuwa chini nayo ipigwe na jua. Katika kipindi hicho eneo halimwagiliwi hata kidogo. Mkulima mwenye haraka ya kupanda ndiye hushindwa hapa, kwa kuwa ndoo chache za maji hutosha kuokoa vijitunguu vilivyokuwa karibu kufa.

Magugu ya msimu mmoja, kama vile kishona nguo, hayana mizizi ya kutisha. Tatizo lake ni mbegu, ambazo hujilimbikiza udongoni na kusubiri mwanga na unyevu. Baada ya matuta kuinuliwa, mkulima anaweza kuyamwagilia kabla ya kupanda chochote, akasubiri siku saba hadi kumi magugu yachipue, kisha akayakwangua juujuu kwa jembe jepesi bila kuchimba na kuleta mbegu nyingine juu. Ikirudiwa mara mbili, kazi hiyo hupunguza sana palizi ya baadaye. Si kila kinachojiotea ni cha kutupwa, hata hivyo: mgagani, mlenda na mchicha pori ni mboga, na huweza kuvunwa vingali vichanga kabla ya kutoa mbegu.

Penye mahindi au mtama, aangalie pia kiduha. Mmea mmoja wa gugu hili hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi zinazoweza kukaa udongoni kwa miaka mingi, hivyo hung'olewa kabla ya kuchanua.

Jambo linalohitaji uangalifu wa pekee katika maeneo ya tumbaku ni minyoo fundo. Bustani nyingi za mboga zimewahi kuwa vitalu vya miche ya tumbaku, au ziko jirani navyo, kwa kuwa shughuli zote mbili hufuata maji. Tumbaku, nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili ni mimea ya ukoo mmoja, na minyoo hao wasioonekana kwa macho huishambulia yote. Aina nyingi za magugu nazo huwahifadhi wakati hakuna zao. Kwa hiyo gugu lililong'olewa lisitupwe kabla ya kutazamwa: mizizi yenye vinundu visivyokatika kwa urahisi ni dalili kwamba nyanya zitakazopandwa hapo zitadumaa na kunyauka hata zikimwagiliwa. Vinundu hivyo visichanganywe na vile vya mizizi ya jamii ya kunde, ambavyo hubanduka vikiguswa na vina manufaa kwa udongo. Penye minyoo fundo, mimea ya ukoo wa tumbaku huhamishiwa mahali pengine, na mabua ya tumbaku hayatumiki kama matandazo kwenye nyanya, maana hubeba pia virusi vya batobato.

Viuagugu vina nafasi yake, lakini mara nyingi hutumiwa wakati usiofaa. Vile vinavyofyonzwa na majani na kushuka hadi kwenye mizizi hufanya kazi pale tu gugu linapokuwa bichi na linakua. Kuvinyunyizia nyasi zilizokauka mwezi Agosti ni kupoteza fedha. Anayevihitaji anapaswa kununua vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), kufuata maelekezo ya kibandiko na kumshirikisha Afisa Ugani wa kata. Bustani nyingi za kiangazi ziko mabondeni karibu na maji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Katazo hilo lina uzito hasa katika ukanda huu wa eneo oevu la Malagarasi–Muyovozi, ambalo mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Samadi inayorudishwa kwenye matuta iwe imeoza vizuri, kwani ng'ombe hula nyasi zenye mbegu na baadhi ya mbegu hizo hutoka nzima kwenye kinyesi. Zao la kwanza nalo lichaguliwe kwa hesabu. Vitunguu na karoti huchelewa kufunika ardhi na huzidiwa haraka. Viazi vitamu vya matembele hutambaa na kuweka kivuli, na ndago haivumilii kivuli. Katika wiki chache za mwanzo vitahitaji palizi, baada ya hapo huanza kujilinda vyenyewe huku majani yakichumwa kwa kitoweo.

Oktoba, maandalizi ya msimu mpya wa tumbaku yanapoivuta kaya kwenda shambani, bustani isiachwe wazi. Kunde zilizopandwa kwa kubanana, au matandazo mazito ya nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu, huikalia nafasi ambayo magugu yangeichukua mvua zitakapoanza.