Mshale Uliotuchelewesha Njiani Usangi

Gari la msikiti wetu hapa Same ni basi dogo la petroli, lililotumika miaka mingi huko Japani kabla ya waumini kuchangishana na kulinunua. Kazi zake zinajulikana: kupeleka walimu wa madrasa vijijini, kubeba wagonjwa na, zaidi ya yote, kusindikiza maiti hadi makaburini milimani. Kwa miezi mingi gari hili lilikuwa na maradhi yasiyoeleweka. Mshale wa joto ulipanda ghafla hadi alama nyekundu, injini ikaanza kumisi, na mara nyingine ikazima kabisa; baada ya dakika chache kila kitu kikarejea kuwa sawa. Tulipolifikisha kwa fundi, lilinguruma kwa utulivu kana kwamba halijapata kuumwa.

Gharama zilianza hapo. Kwanza rejeta ilifunguliwa na kuzibuliwa. Kisha themostati ikatolewa na kutupwa, kwa hoja inayosikika sana katika maeneo ya joto, kwamba nchi yetu haina baridi ya kuhitaji kifaa hicho. Mwishowe tukaelezwa kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua na injini haina budi kufumuliwa. Fedha hizo zote ni sadaka za watu, na katibu ndiye anayezisoma hesabu hadharani. Katika kikao kimoja baadhi yetu tulianza kumnyooshea kidole dereva, mzee wetu anayejitolea bila ujira, kwamba haangalii maji. Yeye alinyamaza.

Kabla injini haijafumuliwa ukatokea msiba, nasi tukawa hatuna gari jingine la kubebea jeneza hadi Usangi. Kutoka Same hadi Mwanga tulikwenda vizuri kwenye barabara kuu. Tulipoanza kupanda kuelekea Kikweni ukungu ulishuka, dereva akawasha taa, na hatukufika mbali mshale ukaruka hadi mwisho. Injini ikakohoa mara mbili tatu, ikazima. Boneti ilipofunguliwa hapakuwa na mvuke, wala maji hayakutokota katika chupa ya akiba. Ndugu wa marehemu walilazimika kushuka na pikapu kulichukua jeneza. Kaburi lilikuwa tayari tangu asubuhi, na waliokuwa wakingoja waliswali Alasiri wakiwa bado wanangoja.

Baada ya siku hiyo dereva alinunua daftari. Kila mshale uliporuka aliandika saa, mahali, hali ya barabara, na kilichokuwa kimewashwa garini. Wiki tatu baadaye alituletea kurasa zile, nasi tukaona jambo ambalo hakuna fundi aliyepata nafasi ya kuliona: karibu matukio yote yalikuwa baada ya Magharibi, au penye ukungu, yaani taa zikiwa zimewashwa, machache yaliyobaki yalikuwa kwenye makorongo yanayotikisa gari.

Tukalipeleka kwa fundi wa umeme badala ya fundi wa injini. Alilisoma daftari, akawasha injini, kisha akawasha taa kubwa. Mshale ukapanda. Akazima taa, ukashuka. Akatuuliza swali moja: je, maji ya lita kadhaa yanaweza kupata moto na kupoa ndani ya sekunde moja?

Kwa wasiozoea mambo haya, tueleze kidogo. Umeme wa betri hupita katika taa na vifaa vingine, kisha hurudi kupitia bodi ya gari na injini yenyewe. Kati ya bodi na injini kuna waya mnene ambao mafundi huuita ethi. Waya huo ukiliwa na kutu, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi, na vyombo vinavyotegemea kipimo sahihi, kama geji ya joto na sensa za injini, hupotoshwa. Fundi aliweka mita ya umeme kati ya injini na bodi huku taa zikiwaka. Penye uzima mita husoma karibu na sifuri. Hapa ilizidi volti moja. Chini ya bolti iliyoufunga waya ule palikuwa na kutu tupu. Alisugua chuma kikang'aa, akafunga waya mpya. Injini haikumisi tena, na gasketi tuliyoambiwa imeungua ilikuwa nzima.

Laiti mambo yangeishia hapo. Tumekwishazoea kusema kuwa mshale ule ni mwongo, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kutu. Safari iliyofuata ya mlimani mshale ulipanda tena, safari hii polepole, kidogo kidogo kila kona. Baadhi ya abiria walisema tuendelee. Dereva alikataa akasimama, na safari hii maji yalikuwa yanatokota kweli.

Kifuniko cha rejeta kilikuwa kimechoka springi. Kazi ya kifuniko hicho ni kuyabana maji yasichemke mapema, na mlimani haja hiyo huongezeka: pwani maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Kilima cha Shengena katika Pare yetu kinafikia mita 2,462. Themostati nayo tulirudishiwa, kwa kuwa katika baadhi ya injini ikiondolewa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Dereva ametueleza na hali ya tatu, ambayo anaiogopa kuliko zote: mshale kuanguka ghafla upande wa baridi huku gari likipanda mlima. Pengine waya umekatika tu. Lakini pengine maji yamekwisha, na sensa imebaki kwenye hewa. Hapo yeye huzima injini papo hapo, na hagusi kifuniko mpaka rejeta ipoe.

Katika kikao cha mwezi tulimwomba radhi mbele ya wajumbe wote, nayo ikaandikwa katika kumbukumbu. Tuliazimia pia kwamba hakuna kipuri kitakachonunuliwa kwa fedha za msikiti kabla daftari lake halijasomwa.