Safi al-Din: Udi, Kalamu na Vitabu

Wako wadhanio kuwa mpiga udi hana fungu katika elimu. Na watazame maisha ya Safi al-Din al-Urmawi. Alifika Baghdad angali kijana, akasoma fiqhi katika Madrasa ya Mustansiriyya. Hati yake nzuri ilimpatia kazi ya kunakili na kutunza vitabu katika maktaba ya Khalifa al-Musta'sim. Akafundisha pia: Yaqut, bingwa wa hati, alikuwa mwanafunzi wake. Katika Kitab al-Adwar aliigawa ngazi ya sauti sehemu 17. Mwaka 1258 Wamongoli waliiangamiza Baghdad, naye akasalimika; lakini mwaka 1294 alifia gerezani kwa deni la dinari 300. Enyi vijana, mali yake ilikwisha. Elimu yake hata leo yasomwa.